Nyumba za Miaka ya Bei Moto: Mthamini Awajibu Wasomaji

Kwa takriban miaka kumi kuanzia 2005, Nairobi ilijengwa usiku na mchana. Kilimani, Kileleshwa na Lavington, nyumba za zamani zenye bustani na mijakaranda zilibomolewa, na kwenye nusu ekari iliyokaa familia moja likasimama ghorofa la fleti 40. Walionunua fleti zile wakati bei ikiwa moto sasa wanauliza kama pesa yao ilienda mahali pema. Kazi yangu ni kuthamini nyumba, na haya ndiyo maswali yanayonijia mara nyingi.

Nilinunua fleti ya vyumba vitatu Kilimani mwaka 2012 kwa Sh12 milioni, nyingi zikiwa mkopo wa benki. Dalali ananiambia sasa nitapata Sh14 milioni. Si hiyo ni faida?

Hapana, mama, na ni heri uambiwe leo kuliko ugundue baada ya kuuza. Tangu 2012 gharama ya maisha nchini imepanda karibu mara mbili. Ili pesa yako inunue leo kile ilichonunua wakati ule, fleti ingebidi iuzwe karibu Sh24 milioni.

Halafu kuna mkopo. Kumbuka mwaka uliotangulia: shilingi ilishuka hadi dola ikapita Sh100, mfumuko wa bei ukakaribia asilimia 20, na kati ya Septemba na Desemba 2011 Benki Kuu ikapandisha riba yake kutoka asilimia 7 hadi 18. Benki nyingine zikafuata. Tuseme ulitoa Sh2.4 milioni mfukoni na kukopa Sh9.6 milioni kwa asilimia 18, ulipe kwa miaka 20. Kila mwezi unalipa kama Sh148,000. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, Sh144,000 ni riba tupu; deni lenyewe limepungua kwa Sh4,000 na kidogo. Mpangaji wa mlango wa pili, kwenye fleti sawa na yako, pengine alikuwa akilipa Sh70,000.

Lakini hesabu haijaisha, na hapa watu wengi hujihukumu vibaya bila sababu. Uliishi humo? Kama uliishi, kodi ambayo hukumlipa mwenye nyumba ni mapato yako, hata kama hukuyashika mkononi. Sh70,000 kwa mwezi kwa miaka 12 zinapita Sh10 milioni, kabla ya kuhesabu nyongeza za kodi. Ukizitia hizo kwenye hesabu, nyumba imekurudishia sehemu kubwa ya ulichoitolea. Kama uliinunua ili upangishe au uuze, basi ulilipa bei kubwa mno.

Ningejuaje wakati ule? Kila mtu alikuwa ananunua.

Kwa kodi yake. Bei ya nyumba hupandishwa hata na maneno, lakini mpangaji hulipa kutoka kwenye mshahara, na mshahara una mwisho. Chukua fleti hiyohiyo. Sh70,000 kwa miezi 11, maana mwezi mmoja kwa mwaka itakaa tupu, ni Sh770,000. Toa Sh120,000 za ada ya huduma: mlinzi, lifti, jenereta, kisima, taka. Zinabaki Sh650,000. Kwa nyumba ya Sh12 milioni hiyo ni asilimia 5.4 kwa mwaka, na bado hujapaka rangi wala kulipa ushuru. Serikali ilipouza bondi ya miundombinu mwaka 2009 ilitoa asilimia 12.5, bila ushuru, na mwenye bondi hatafuti mpangaji.

Aliyekubali asilimia 5 alikuwa ananunua matumaini kwamba atakuja mwingine alipe zaidi. Simlaumu. Mwaka 2003 riba ya hati za serikali za siku 91 ilishuka hadi chini ya asilimia 2. Waliokuwa wameweka akiba huko wakaona pesa haizai, wakakimbilia ardhi na mawe. Walioingia mapema, 2004 au 2006, walivuna kwelikweli, na mavuno yao ndiyo yaliyowavuta waliokuja 2012 na 2014. Kufikia hapo, mwenye kujenga alikuwa ameshaitia faida ya miaka ijayo ndani ya bei anayokuuzia.

Mbona kwetu bei hazikuporomoka kama Marekani au Ireland?

Ireland, nyumba zilipoteza zaidi ya nusu ya bei yake kati ya 2007 na 2013. Zilikuwa zimenunuliwa kwa mikopo. Watu walipopoteza kazi, madeni yakaangusha kila kitu, wenye nyumba, wajenzi na benki zenyewe. Kenya nzima, mwishoni mwa 2019, ilikuwa na mikopo ya nyumba isiyofika 30,000. Fleti zetu nyingi zilinunuliwa kwa pesa taslimu: akiba ya chama, mkopo wa sacco, pesa ya ndugu walio ng'ambo, na pesa nyingine ambayo hakuna aliyeuliza ilikotoka.

Mtu asiyedaiwa halazimiki kuuza. Anakataa kushusha bei, anafunga mlango, anasubiri. Pita Kileleshwa saa mbili usiku uhesabu madirisha yenye taa. Kwetu bei husimama mahali pamoja miaka kumi huku unga, karo na mafuta vikiipita. Hasara hiyo haitangazwi kwenye habari, na ndiyo maana imewapata watu wengi bila wao kujua.

Niko Marekani. Nilituma dola za kununua fleti mwaka 2013. Nisimamie hesabu gani?

Ya dola, ndugu, kama maisha yako yatabaki huko. Wakati ule dola ilikuwa kwenye Sh85 au 86, kwa hiyo Sh12 milioni zilikuwa kama dola 140,000. Ukiuza leo kwa Sh15 milioni, dola ikiwa Sh129, unapata kama dola 116,000. Kibaya zaidi, sheria inatazama shilingi: itaona umepata faida na kukutoza ushuru wa faida ya mtaji, uliopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023, ilhali kwa dola umepoteza. Kama utarudi nyumbani uzeeni na kula kwa shilingi, jambo hilo lina uzito mdogo.

Kaka yangu alinunua ploti Ruiru kwa pesa kidogo, leo ana zaidi yangu mwenye fleti Westlands. Inawezekanaje?

Kwa sababu kinachopanda thamani ni udongo. Jengo huzeeka tangu siku fundi anapokabidhi funguo. Kaka yako alinunua udongo mtupu, na mwaka 2012 barabara kuu ya Thika ikafunguliwa ikamletea jiji mlangoni. Wewe kwenye fleti 40 juu ya nusu ekari una kipande cha arubaini cha nusu ekari hiyo. Hiyo ni kama mita za mraba 50. Sehemu kubwa ya pesa yako iko kwenye saruji, mabomba na lifti.

Na thamani ya jengo huweza kukuponyoka. Si muda mrefu nilithamini fleti moja ya ghorofa ya tatu Kilimani. Mwenyewe, mama wa makamo, alinipokea na faili la risiti zote tangu amana ya kwanza, zimepangwa kwa tarehe. Ilikuwa saa sita mchana na taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Nikafungua dirisha kuona kwa nini. Mbele yangu, hatua nne tano hivi, ukuta wa ghorofa jipya, na mtu wa upande wa pili anaanika nguo. Aliponunua, alisema, dirisha lile lilikuwa linatazama mti wa jakaranda na anga hadi Ngong. Dari ya bafu ilikuwa na doa la maji lenye ukubwa wa sinia. Bomba la jengo lilikuwa limekauka, na nje boza la maji lilikuwa linapiga honi langoni, kwa mara ya pili wiki hiyo.

Alikuwa amelipia mwanga, mandhari na maji ya kisima. Vyote vitatu vilikuwa vimeondoka, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeandikwa kwenye mkataba wa mauzo. Nilipoandika thamani yangu nilijua itamuumiza, na iliniuma mimi pia, kwa kuwa hakukosea popote. Waliokosea ni walioidhinisha maghorofa kwenye mtaa ambao mabomba yake ya maji na ya majitaka yaliwekwa kwa ajili ya nyumba za familia moja moja.

Nina karatasi zote. Je, hilo si ndilo la maana?

Ni la maana, lakini karatasi nayo hupimwa. Novemba 2011 tingatinga ziliangusha nyumba Syokimau ambazo wenyewe walikuwa na hati mkononi. Oktoba 2023 ubomoaji kama huo ukatokea Athi River kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Aprili mwaka huohuo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management kutoka Mombasa, ilisema hati peke yake haimlindi mnunuzi kama ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kwa hiyo wakili wako afuate historia ya ploti hadi ilikotoka. Na kwa fleti, uliza kama jengo limesajiliwa chini ya sheria mpya ya mwaka 2020, ili kila fleti iwe na hatimiliki yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina fleti South B, nilimaliza kuilipia. Watoto wanasema niiuze kwa sababu haipandi bei.

Mwalimu, usiuze kwa sababu hiyo. Kwanza waulize watoto: ukiuza, utalala wapi, na kodi ya hapo itatoka wapi? Nyumba isiyodaiwa, iliyo karibu na hospitali unayoijua na duka linalokukopesha unga mwezi ukiwa mgumu, mimi siwezi kuiandikia bei kamili kwenye ripoti, ila ninajua ipo.

Unachopaswa kushughulikia ni jengo. Nenda kwenye mkutano ujao wa wakazi na uulize mambo mawili: kuna shilingi ngapi kwenye akaunti ya matengenezo, na paa lilikaguliwa lini mara ya mwisho. Wakikujibu kwamba akaunti ni tupu, wasihi waanze kuchanga kabla ya mvua za masika.