Darsa: Mke Ajitayarishe Vipi Kupokea Kiinitete?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Amma baad.

Ndugu wasomaji, kutafuta mtoto kwa msaada wa matabibu si jambo geni tena. Mtoto wa kwanza aliyetungwa mimba nje ya tumbo alizaliwa Uingereza mwezi wa Julai 1978, na hapa Kenya watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Hukumu yake pia yajulikana: Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliijuzisha penye haja, kwa sharti mbegu iwe ya mume, yai liwe la mke, na mimba aichukue mke huyo huyo. Leo twataka kubainisha lililo lazima katika matayarisho ya mke, na lililo dhana tupu.

Kiinitete ni yai lililokwisha kuingiwa na mbegu na kuanza kugawanyika. Aghalabu hurejeshwa tumboni siku ya 3 au ya 5, au hugandishwa kikangoja mwezi mwingine. Lakini tumbo la uzazi halikipokei wakati wowote. Ndani yake mna utando unaokua na kubomoka kila mwezi. Nao ni kama shamba, na mkulima hapandi mpunga kabla ya masika kulainisha ardhi.

Kwa kiinitete kilichogandishwa, mara nyingi mke hupewa kwanza dawa ya estrojeni kwa kiasi cha wiki mbili, utando unenepe. Tabibu huupima kwa altrasaundi, na wengi hupenda ufike milimita 7 au zaidi. Kisha hufuata projesteroni, ambayo huugeuza utando ule uwe tayari kupokea. Hapa ndipo penye hesabu yenyewe: kiinitete cha siku 5 hurejeshwa baada ya kiasi cha siku 5 za dawa hii. Anayechelewa kuianza bila kumwambia tabibu ameivuruga hesabu yote.

Kwa hivyo haifai mke kuacha dawa, wala kuzisogeza saa zake, kwa ajili ya saumu ya Ramadhani pasi na kuuliza. Huenda tabibu akaweza kuzipanga saa hizo baina ya magharibi na alfajiri. Isipowezekana, na kuacha kukawa na madhara, ruhusa ya mgonjwa ipo, naye atalipa siku nyingine.

Siku ya kurejeshewa, huambiwa anywe maji kibofu kijae, ili tumbo la uzazi lionekane vizuri. Kiinitete hupitishwa kwa mpira mwembamba, kwa dakika chache, na mara nyingi hapana haja ya kulazwa usingizi. Kabla ya hapo mume na mke wahakikishe kuwa majina yao yamesomwa na kulinganishwa na yaliyoandikwa kwenye chombo. Wasione haya kuuliza. Hiyo ni nasaba ya mtoto wao.

Ama desturi ya kumlaza mke kitandani siku nyingi baadaye, matabibu wameichunguza wala hawakuona faida yake. Kiinitete hakidondoki kwa kusimama, wala kwa kukojoa, wala kwa kusujudu. Na asali kama kawaida yake. Akiona damu kidogo, asikate dawa kwa rai yake. Amwambie tabibu, na angoje kipimo cha damu baada ya kiasi cha siku 10 hadi 14.

Mume naye ana matayarisho yake. Na akumbuke saa za dawa pamoja na mkewe, afuatane naye hospitali, na azuie maneno ya mavyaa na majirani. Kwani hata kiinitete kizuri katika tumbo lililotayarishwa vyema huenda kisishike, na mara nyingi sababu yake haijulikani. Kumwambia mke kwamba alitembea sana, au kwamba alikataa kuvaa hirizi, ni dhuluma. Katika Suratu Shuuraa Mola ametujulisha kwamba Yeye ndiye ampaye amtakaye watoto wa kike, au wa kiume, au wote wawili, na amtakaye humfanya tasa. Sisi twaamrishwa kushika sababu. Matokeo si yetu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaruzuku wenye kungoja dhuria njema, na awape subira. Wallahu aalam.