Utamkuta Kwake: Somo la Kuwalea Watoto Wakati wa Shida

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sifa zote njema ni zake Yeye, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, watu wa bonde la Mto Tana walipatwa na mitihani miwili, mmoja juu ya mwingine. Kwanza ulikuja ukame ulioanza mwisho wa mwaka 2020, misimu mitano ikapita mfululizo bila ya mvua ya kutosha. Mifugo ikafa, na nyumba nyingi zikalala na njaa. Kisha mwisho wa mwaka 2023 mvua zikaja kwa mkupuo, mto ukafurika, na maji yakaingia mashambani na majumbani. Na kabla watu hawajasimama vyema, mafuriko mengine yakaja mwezi wa Aprili na Mei mwaka 2024.

Baada ya yale mafuriko ya 2023, njia ilipofunguka, sisi na wenzetu wawili wa darsa tulifika Nanighi, upande wa juu wa mto kutoka Garsen. Baada ya sala ya Magharibi tukaketi na watoto, wakatusomea Suratul Maaun kwa sauti nzuri na matamshi safi, tukafurahi. Walipokwisha, mtoto mmoja wa kiasi cha miaka tisa, ambaye mbuzi wa kwao wote walichukuliwa na maji, akatuuliza: "Maalim, usiku ule Mwenyezi Mungu alikuwa wapi?"

Mzee mmoja akamkemea, "Nyamaza, usikufuru!" Nasi, tuseme kweli, hatukufanya bora kuliko mzee yule. Tulimwambia, "Ni kadari, mwanangu," tukaendelea na somo. Mtoto akainama, hakuuliza tena. Tangu siku ile swali lake halikututoka moyoni, na makala haya ni deni tunalolilipa.

Kusema kwamba jambo ni kadari ni kweli, na kuiamini kadari ni nguzo ya imani. Lakini tuliitumia kweli ile kama kifuniko cha chungu: kumfunga mtoto mdomo ili sisi tupumzike. Wengine hufanya baya zaidi, humwambia mtoto kuwa maji yamekuja kwa sababu Mungu amewakasirikia watu wa kijiji fulani au kabila fulani. Ni nani aliyewapa habari za ghaibu? Na wengine humvika hirizi shingoni, wakamwambia hiyo ndiyo itakayomkinga na mto. Basi mtoto hutoka katika shida ile na mambo matatu: woga wa kuuliza, chuki ya jirani, na tegemeo la kipande cha ngozi. Mungu wake hakumjua.

Kabla hatujaendelea, yatupasa tulinde itikadi. Tunaposema kuwa mtoto amtafute Mwenyezi Mungu kwa watu, hatumaanishi kuwa Mwenyezi Mungu huingia katika miili ya viumbe, au hukaa ndani ya mtu. Hasha! Yeye ametakasika na hayo, hakuna kilicho mfano wake. Maana yake ni ile aliyotufundisha mwenyewe katika Qur'ani: kwamba Yeye yu pamoja nasi popote tulipo kwa ujuzi wake, na yu karibu na amwombaye, na yu pamoja na wafanyao wema kwa msaada wake. Ukaribu huo haupimwi kwa dhiraa. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuonyesha mahali pa kuutafuta.

Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira, Mtume ametueleza kuwa Siku ya Kiama Mwenyezi Mungu atamuuliza mja kwa nini hakumzuru alipougua. Mja atastaajabu: vipi augue Mola wa walimwengu wote? Naye ataambiwa kuwa fulani, mja wa Mwenyezi Mungu, alikuwa mgonjwa, na lau angalikwenda kumzuru angalimkuta Mwenyezi Mungu kwake. Kisha ataulizwa juu ya aliyeomba chakula asimpe, na aliyeomba maji asimnyweshe.

Hapa pana jambo ambalo wanavyuoni wamelizingatia. Katika habari ya mwenye njaa na mwenye kiu, mja anaambiwa kuwa lau angalitoa, angaliikuta thawabu ya kile alichotoa kwa Mwenyezi Mungu. Lakini katika habari ya mgonjwa haikutajwa thawabu. Imetajwa kuwa angalimkuta Yeye. Kwa nini? Kwa kuwa mgonjwa amevunjika moyo, hana tegemeo, na Mola yu karibu na waliovunjika nyoyo. Aendaye kuketi naye huenda mahali ambapo rehema imekwisha kufika kabla yake.

Basi zingatieni, enyi wazazi na walimu: yule mtoto wa Nanighi aliyepotewa na mbuzi na kitanda na daftari zake, yeye ndiye aliyevunjika moyo. Hakupaswa kukemewa kama mtu aliye mbali na Mungu. Alikuwa karibu zaidi kuliko sisi tuliokuwa tukimfundisha. Lau tungalijua, tungalimwambia: "Mwanangu, Mwenyezi Mungu hakukuacha. Sisi tumesafiri kuja kwako kwa kutaka ukaribu wake, na ametuahidi kuwa tutaupata kwa mtu kama wewe." Maneno haya humnyanyua mtoto. Hujiona mwenye cheo mbele ya Mola wake, si mtu wa kuhurumiwa tu kama kifaranga kilichotota.

Na asidhani mtu kuwa huzuni ya mtoto ni ndogo kwa kuwa mtoto ni mdogo. Anas bin Malik alikuwa na ndugu yake mdogo aliyeitwa Abu Umair, naye alikuwa na ndege wa kuchezea. Ndege akafa. Mtume, pamoja na mizigo yote ya umma, alimwona yule mtoto ana huzuni, akamsemesha na kumwuliza habari za ndege wake. Hakumwambia kuwa ndege ni kitu kidogo. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alipata nafasi ya kuuliza juu ya ndege mmoja, sisi ni nani tusiulize juu ya mbuzi?

Sasa turudi kwenye Suratul Maaun. Watoto wetu huihifadhi sura hii mapema, kwa kuwa ni fupi. Lakini ni wangapi tumewaeleza inasema nini? Yataja mtu amsukumaye yatima, asiyehimiza kulishwa maskini, asaliye kwa kujionyesha, na azuiaye maaun. Na maaun, kama alivyofasiri Ibn Masud, ni vitu ambavyo majirani huazimana: chungu, shoka, ndoo na mfano wa hivyo. Ajabu iliyoje! Sura imeanza na mtu aikadhibishaye dini, ikaishia kwenye ndoo. Tumeelewa kwa hayo kuwa ukweli wa imani ya mtu huonekana mlangoni pake, jirani anapokuja kuazima.

Na kando ya Mto Tana, wakati wa mafuriko, maaun ni mtumbwi.

Tulipokuwa tukiondoka Nanighi, mzee wa pale alitusimulia habari za yule mtoto. Nyumba yao ni ya wafugaji. Maji yalipozunguka boma usiku, aliyewaokoa alikuwa mvuvi wa Kipokomo mwenye mtumbwi mmoja. Alivuka mara tatu katika giza, na mto ule una mamba na viboko. Na mwaka ule ule mvuvi huyo na baba wa mtoto walikuwa wamegombana, kwa sababu mbuzi walikula mahindi yake. Hawakuwa wakisalimiana.

Tukamwita mtoto. Tukamwuliza, "Ni nani aliyekutoa majini?" Akalitaja jina la mvuvi papo hapo, akatuonyesha kwa mkono nyumba yake. Tukamwambia, "Wewe uliuliza usiku ule Mwenyezi Mungu alikuwa wapi. Ni nani aliyetia huruma katika moyo wa mtu yule, akasahau mahindi yake, akaingia mtoni gizani kwa ajili yako?" Mtoto akanyamaza, lakini safari hii hakuinama.

Enyi ndugu, jambo hili si la kusimuliwa kwa kupendeza masikio. Twajua yaliyotokea chini ya mto, katika delta ya Tana upande wa Garsen, mwezi wa Agosti na Septemba mwaka 2012. Ugomvi wa mashamba, malisho na malka, yaani njia za kupitisha mifugo kwenda majini, ukageuka kuwa mauaji baina ya Wapokomo na Waorma. Riketa, Chamwanamuma na Kilelengwani ni majina ambayo wenyeji hawayasahau. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na miongoni mwao wamo wanawake na watoto. Na wengi katika pande zote mbili walikuwa wakielekea kibla kimoja.

Wale walioshika mapanga siku zile walikuwa watoto zamani. Kuna siku mtu aliwaambia kuwa shida yetu imeletwa na wale. Hawakufundishwa kumtafuta Mola wao kwa jirani. Walifundishwa kumtafuta adui. Na mtoto aliyekuwa na miaka saba mwaka 2012 leo ni kijana wa kuoa, na huenda ana mtoto wake mwenyewe. Atamsimulia nini? Hili ndilo lililo mikononi mwetu, nalo halingoji serikali wala wafadhili.

Basi tufanye nini? Twaona mambo manne.

Kwanza, tuliache swali la mtoto litoke. Ibn Abbas alikuwa mtoto, amepanda nyuma ya Mtume, akafundishwa kuwa akimhifadhi Mwenyezi Mungu kwa kushika amri zake atamkuta mbele yake, na kuwa watu wote wakikusanyika hawataweza kumnufaisha wala kumdhuru ila kwa alichoandikiwa. Haya ni mambo makubwa ya itikadi, na Mtume hakuona kuwa mtoto ni mdogo wa kuambiwa. Kadari ifundishwe kama ilivyofundishwa pale, kwa upole, ili impe mtoto utulivu, si kwa kumnyamazisha.

Pili, tumweleze mtoto ukweli wa sababu. Maji ya Tana hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mvua ikizidi huko, na mabwawa kama Masinga na Kiambere yakijaa na kufurika, maji hutushukia huku hata kama juu yetu hakuna wingu. Hii ndiyo kawaida aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika uumbaji wake, na kuijua ni katika kumjua Yeye. Mtoto aijuaye hatamsingizia jirani wala hatanunua hirizi; atajifunza kuhamia mahali pa juu mapema.

Tatu, tumshike mkono tukaenda naye. Mtoto hajifunzi kuzuru wagonjwa kwa kuhifadhi hadithi ya kuzuru wagonjwa. Mpe bakuli alichukue yeye, hata likimwagika kidogo. Amsalimu mgonjwa, amwombee dua, aketi kidogo, arudi. Lakini tuwe na akili: mtoto aliye na jeraha bichi asilazimishwe kutoa kabla hajapewa. Azuriwe kwanza, alishwe kwanza, alie akitaka kulia. Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim.

Nne, kila jioni tumwulize mtoto, "Leo ni nani aliyekufanyia wema?" Amtaje kwa jina, kisha amwombee. Asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Hili Mtume ametufundisha. Na tuchunge ndimi zetu tukiwa tumeketi chakulani. Tukilitukana kabila la jirani mbele ya mtoto wakati wa usiku, darsa ya mchana yote imebatilika.

Huenda msomaji akasema: na yule ambaye mtumbwi haukumfikia? Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mashua ilipinduka katika maji ya mafuriko baina ya Madogo na Garissa. Wengine waliokolewa, na wengine walikufa. Je, tuwaambie watoto wao nini? Hatuna jawabu la kuondoa uchungu, na anayedai kuwa nalo asisadikiwe. Twajua kwamba Mtume amewahesabu waliokufa kwa kuzama majini katika mashahidi, na kwamba watoto wao sasa ni mayatima. Na habari ya yatima hatukuachiwa tuibuni: mwenye kumlea atakuwa na Mtume Peponi, karibu kama vidole viwili. Basi mtoto yule asipewe hotuba. Apewe mtu wa kumshika mkono.

Ujumbe ulitufikia baadaye kutoka Nanighi kwamba yule mvuvi aliugua homa, na mtoto akamwomba mamaye maziwa ya mbuzi mmoja waliyepewa na jamaa zao, akampelekea. Baba yake alimfuata nyuma. Hatukuambiwa walisema nini huko ndani. Twajua tu kuwa waliingia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihurumie nyoyo za watoto wetu, awape kumjua Yeye kabla ya shida na ndani ya shida, na atufanye sisi na majirani zetu kuwa milango ya rehema yake. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.