Nyungunyungu Wapima Udongo

Wakulima wa kahawa wa milima ya Upare, wilayani Same, huijua kutu ya majani. Dawa yake ya zamani ni mrututu na chokaa. Lakini shaba iliyomo katika mrututu haiozi. Hubaki katika udongo wa juu, nayo ikizidi hudhuru nyungunyungu na mizizi. Mwanachama anayenyunyiza dawa hiyo kitaluni yampasa kujihadhari vivyo hivyo.

Jaribio ni hili. Gawa sanduku kwa kibao. Upande mmoja tia udongo unaoushuku, wa pili udongo safi wa namna ile ile, wenye unyevu sawa. Ondoa kibao, weka nyungunyungu kumi wa samadi katikati, funika kwa kitambaa. Baada ya siku mbili rudisha kibao, uhesabu. Fanya hivyo katika masanduku matano. Kwa kanuni ya kimataifa ya mwaka 2008, wakibaki chini ya wawili katika kumi kwenye udongo ulioshukiwa, udongo huo una kasoro.

Nyungunyungu hatutajii sumu. Hiyo ni kazi ya maabara. Lakini mkarafuu hupandiwa wajukuu: pima kwanza, ndipo upande.