Mukadima Iliyofichwa: Zaka, Mgao na Nakivale

Chukueni hoja hii, ambayo yeyote anaweza kuitoa katika kikao chetu cha zaka hapa Mbarara: "Wakimbizi wa Nakivale wanapewa chakula na WFP, kwa hiyo zaka yetu tuwape wengine."

Inasikika imekamilika. Lakini kati ya sababu na natija kuna pengo, na kinacholiziba hakikutamkwa. Watu wa mantiki huiita qiyas al-dhamir, hoja ambayo mukadima yake moja imefichwa. Imam al-Ghazali, katika utangulizi wa al-Mustasfa, anatumia mfano wa nabidhi: inalewesha, na kila kinacholewesha ni haramu, basi nayo ni haramu. Ondoa mukadima ya pili, Muislamu bado ataikubali hoja, kwa kuwa anaijaza mwenyewe. Shida ni kwamba tunajaza hata lisilo kweli.

Kuifichua, kanusha dhana unayoishuku, kisha tazama kama hoja inasimama. Sema: "Chakula hicho hakiwatoshi." Hoja imeanguka, kumbe ilikuwa imeegemea hapo. Sasa jaribu dhana nyingine: "Nakivale hakuna mwenye njaa hata mmoja." Ukiikanusha, anapatikana mwenye njaa mmoja, na msemaji atajibu kuwa huyo jirani zake watamtosha. Hoja haijaanguka. Hapa wengi wetu huteleza: tunambebesha mwenzetu dhana kubwa kuliko anayoihitaji, kisha tunajisifu tumemshinda. Hiyo ni dhulma.

Turudi kwenye dhana ya kwanza. Mwaka 2023 WFP iliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji. Makundi mawili yakapewa mgao usiokamilika, la tatu likaondolewa kabisa. Na kwa Mashafii, maskini ni mwenye kitu kisichomtosha. Kupata mgao, peke yake, hakumtoi mtu katika wanaostahiki.

Je, sasa imethibiti kwamba zaka iende Nakivale? Hapana. Hoja mbovu ikianguka, natija yake haijawa uongo. Anayetaka ipelekwe huko naye ana mukadima yake ya kufichwa: kwamba zaka inaruhusiwa kuhamishwa. Kauli mashuhuri ya Mashafii inakataza kuitoa nje ya mji wakiwepo wanaostahiki. Mahanafi wanairuhusu kwa mwenye haja zaidi. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, sisi tuko Mbarara. Swali hilo tumpelekee sheikh kabla ya kikao.