Tipa Likipaki: Mafunzo Niliyopata Nikidai Fao la Kukosa Ajira

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, dereva wa tipa haulizi kitu. Kifusi kilicholowa hakishindiliki, na hata ukileta greda mbili barabara itabaki uji. Injinia anatazama mawingu, msimamizi anamtazama injinia, sisi tunatazama simu zetu. Huku kwetu Kaniha mvua huanza kuonja Septemba, na mpaka Mei bado hujui kama zimeondoka kweli. Nimeendesha tipa kwa makandarasi wa barabara miaka minane, na mara tatu mvua zimenirudisha nyumbani. Mara mbili nilirudi mikono mitupu. Ya tatu nililipwa.

1. "Kapumzike, tutakuita" si kuachishwa kazi

Mara ya kwanza msimamizi alitukusanya kambini, akatuambia tukapumzike, jua likitoka tutaitwa. Tulimshukuru! Nikakaa nyumbani wiki tano nikila akiba, kisha nikasikia kwamba mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, una fao la kukosa ajira, lililoingia kwenye sheria mwaka 2018. Nikapanda basi hadi Bukoba.

Yule dada wa dirishani alinisikiliza hadithi yote: mvua, kifusi, msimamizi asiyepokea simu. Nilipomaliza akauliza, "Kaka, barua iko wapi?"

Sikuwa nayo. Fao lile halimwangalii mtu ambaye gari lake limepaki. Linamwangalia mtu ambaye ajira yake imekoma, tena imekoma bila yeye kutaka. Mimi kwenye makaratasi nilikuwa bado mtu wa kampuni, ila mtu asiyelipwa. Tangu hapo, nikiambiwa nikapumzike, naomba niandikiwe: ni likizo, na ya mpaka lini? Au ni mwisho wa kazi, na kwa sababu gani? Msimamizi hukunja uso. Akunje tu.

2. Kalamu ya mhasibu

Mara ya pili, kwa kandarasi nyingine, nilikuwa mjanja zaidi, nikadai karatasi. Mhasibu akanipa, akasema nikisaini nitapata posho yangu ya mwisho siku ileile. Nilisaini nimesimama, mlango wa gari la kunirudisha ukiwa wazi. Nilikuja kuisoma njiani: "Nimeacha kazi kwa hiari yangu."

Aliyeacha kwa hiari hana fao. Basi.

3. Hesabu miezi, usihesabu makato

Ili ulipwe fao lenyewe unatakiwa uwe umechangia angalau miezi 18, na uwe hujafika miaka 55. Ukiwa chini ya miezi 18, unarudishiwa nusu ya michango yako, mambo yameisha. Sasa, mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya 10, zinazobaki anaweka yeye. Hati yangu ya mshahara ilionyesha makato kila mwezi, nami nikalala usingizi. Jamaa mmoja wa greda ndiye aliyenishtua: "Umeona wamekata. Umeona wamepeleka?"

Nilipoomba taarifa ya michango, miezi mitano ilikuwa mitupu. Tulikwenda wanne kwa msimamizi, hatukupiga kelele, tukaweka karatasi mezani na kukaa kimya. Michango ilipelekwa. Nasisitiza kwamba ilikuwa Julai, jua linawaka na tipa zinahitajika. Dereva ana nguvu kiangazi. Mvua zikianza, hiyo barabara haina haja naye.

4. Posho tamu, mshahara mwembamba

Hapa niseme ukweli unaotuuma sisi wenyewe. Dereva hupenda posho. Ukimwambia mshahara 450,000 na posho ya tripu inayofikisha mwezi mzuri 900,000, anasaini huku anacheka. Mimi nilicheka.

Fao linalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita, na posho yangu haikuhesabiwa. Ile mara ya tatu, kwangu ilikuwa 149,850 kwa mwezi. Zidisha kwa sita: 899,100. Yaani miezi sita ya fao haikufika mwezi mmoja wangu wa kiangazi. Si kwamba naidharau. Ile pesa ilinunua mahindi, ikalipa mchango wa shule, na nikaacha kumkwepa mwenye duka. Lakini udogo wake niliusaini mwenyewe.

Mwaka 2015 madereva waligoma nchi nzima, Aprili na tena Mei, na mikataba ya ajira ilikuwa kati ya madai. Mkataba wenyewe ulipofika mikononi mwetu, wangapi tulisoma mstari wa mshahara?

5. Deiwaka

Tipa likipaki, wengi wetu tunatafuta deiwaka kwenye semi za Rusumo. Mwenye gari amechoka au anaumwa, unamshikia usukani kutoka Nyakahura, unalipwa jioni. Fao ni la asiye na ajira, kwa hiyo ukipata ajira mpya nenda ukaseme. Kuna wanaosema kila wiki: ndugu yangu mmoja yuko Minnesota, Marekani, anaendesha tipa la kokoto. Huko kinachowapakisha ni baridi: udongo unaganda kama zege. Kila wiki anatuma ombi lake la fao na kujibu kama amefanya kazi yoyote na kulipwa kiasi gani, na huko wanaweza kumlipa hadi wiki 26. Alidhani kwetu hakuna kitu kama hicho. Nilipomwambia kipo akacheka, akauliza, "Na mnakidai?"

Tunaokidai ni wachache. Kijiweni kwetu nilikuwa peke yangu.

6. Siku 30

Ukiona uliachishwa kwa hila, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi huzimaliza siku hizo wakisubiri kuitwa. Uliza pia kiinua mgongo: mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka kumi. Na usiondoke bila hati ya utumishi.

Mkataba wangu wa sasa unasema mshahara ni 700,000, na posho imeshuka. Wenzangu kambini wananiona mjinga. Mke wangu ndiye aliyeusoma kabla sijasaini, ukurasa kwa ukurasa, na nakala iko kwenye sanduku lake la vitenge.