Ça va? Somo la Kifaransa kutoka Mizani ya Gilgil

Vani ilisimama kwenye kivuli cha migunga, wageni wakashuka wakinyoosha miguu, na kijana anayetembeza watu kwenye machimbo ya kale ya Kariandusi akawakimbilia kwa bashasha: “Ça va?” Mama mmoja Mfaransa, wa umri ambao hapa Gilgil angeitwa shosho bila kuulizwa, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. Kisha akasema polepole, “Bonjour, monsieur.” Kijana akasubiri jibu la swali lake. Halikuja. Ziara ikaendelea hivyo hivyo, yeye akieleza mawe, wao wakitikisa vichwa kwa adabu, na mwishoni bakshishi ikawa ya kuhesabika kwa kidole kimoja.

Nilikuwepo siku hiyo, na hasira niliyopata kwa niaba yake haijanitoka. Kijana yule ana bidii. Mfukoni alikuwa na kijitabu cha Kifaransa alichonunua Nakuru kwa mchuuzi anayetandaza vitabu juu ya turubai, na mchuuzi alimwapia kwamba wiki mbili zingemtosha kuongea na Mfaransa yeyote. Kimechapishwa kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza, kwa hiyo matamshi yote yameandikwa kwa sikio la mtu wa London, na kwenye ukurasa wa kwanza “ça va” imewekwa juu kabisa kana kwamba ndiyo lango la lugha nzima. Ukikiona kijitabu cha namna hiyo, pita. Pesa hizo nunua pilau.

Kwa nini mtu wa Kariandusi ahangaike na Kifaransa? Jibu limelala pale pale shimoni. Louis Leakey na kikosi chake waligundua mahali hapa mwaka 1928, wakachimba miaka iliyofuata, na tangu hapo mashoka ya mawe yamebaki yametandazwa chini ya paa, mengine ya mawe ya volkano ya kijivu, mengine ya obsidiani nyeusi inayometa kwenye jua. Umri wake hukadiriwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Utamaduni uliotengeneza mashoka hayo unaitwa Acheul, jina lililotoka Saint-Acheul, kitongoji cha mji wa Amiens kaskazini mwa Ufaransa, na aliyeupa jina hilo, mwaka 1872, ni Mfaransa Gabriel de Mortillet. Kabla yake, Jacques Boucher de Perthes alikuwa ameshaokota mawe kama hayo katika bonde la mto Somme, na kwa miaka mingi wakubwa wa elimu walimpuuza. Basi Mfaransa anayefika hapa huja kuona jina la kwao likiwa kwenye jiwe la Bonde la Ufa. Wengi wana hamu ya kuongea. Wanachongoja ni kusalimiwa.

Sasa hatua zenyewe, nazo ziko nne. Ya kwanza ni “Bonjour” ikifuatwa na “madame” au “monsieur”. Hiyo nyongeza si pambo. Ukiiacha, salamu inabaki nusu. Ya pili ndiyo iliyomtesa kijana wetu, nami nitakaa hapo.

Karibu na Kariandusi, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, kuna mizani ya Gilgil, ambako malori husimama kupimwa. Yapo yanayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali hata Goma, na madereva wa kutoka Kongo hupita hapo wakiwa na Kifaransa kwenye ulimi mmoja na Kiswahili kwenye ulimi huo huo. Nilimwambia kijana aachane na turubai la vitabu aende kunywa chai kwenye vibanda vya pale. Walimu wa Kifaransa wapo Nairobi, na Kenya Utalii College imefundisha watu wa hoteli tangu 1975, lakini karo ni karo. Mzee mmoja mwenye lori la kwenda Goma alikubali kumsikiliza kwa bei ya chapati na maharagwe.

“Ça va, mzee?” kijana akaanza.

Mzee akaendelea kutafuna. “Petit,” akasema, “weye unauliza hali mbele ya kusalimia.”

Kijana akadhani hakusikika, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mzee akamwamuru atoke nje ya kibanda, aingie upya, aseme “Bonjour, monsieur”, kisha anyamaze. Anyamaze kabisa! Asitaje hali, asitaje safari, wala asinyooshe kidole kwenye chochote. Angoje mpaka “bonjour” irudi kutoka upande wa pili. Ikisharudi, ndipo mlango umefunguka na swali la hali linaweza kupita. Kijana alitoka na kuingia mara nyingi hivi kwamba mama mwenye kibanda alianza kumcheka, na utingo wa lori lingine akaja kutazama sinema ya bure.

Hiyo ndiyo hatua ya pili, na ndiyo siri ambayo sijaiona kwenye kijitabu chochote. Kule Ufaransa ukiingia dukani kununua mkate ukaanza na “nataka” kabla ya “bonjour”, utahudumiwa kama mtu aliyekanyaga miguu ya muuzaji. Jambo la kushangaza ni kwamba sisi tunaijua adabu hii tangu utotoni. Hakuna mtoto wa Elmenteita anayemfikia mzee na kumuuliza bei ya mbuzi kabla ya salamu. Lakini tukishika lugha ya kigeni, tunasahau tulivyolelewa na kuiga Kiingereza cha hotelini, ambako mtu huulizwa hali yake na anayemuuliza tayari anamwonyesha choo kilipo.

Mzee wa Goma alikuwa na la pili. “Ça va” ni swali, na ni jibu pia. Kinachotenganisha ni sauti: ikipanda mwishoni umeuliza, ikishuka umejibu. Kijana alikuwa akipandisha zote mbili, kwa hiyo akiulizwa alikuwa anauliza tena, na mazungumzo yakawa yanazunguka pale pale. Mzee alimkumbusha “salama”. Mmoja anauliza, “Salama?” Mwingine anajibu, “Salama.” Nani aliwahi kukufundisha hilo darasani? Kijana akalishika papo hapo.

Matamshi nayo Kiswahili kinayasaidia kuliko kijitabu. Ile r ya Kifaransa cha Paris, inayotokea kooni, ni ndugu wa karibu wa gh ya “ghali” anavyoitamka mtu wa Lamu au Mombasa. Sisi wa bara tunaosema “gali” ndio wenye kazi. Ukitaka “bon” ya “bonjour”, anza kama unayetaka kusema ng’ ya “ng’ombe”, kisha usiifikishe mwisho. Ile j tamka sh, halafu uitie mvumo wa z. Hayo yanatosha. Mama Mfaransa hakuja Kariandusi kukagua koo la mtu.

Hatua ya tatu ni “vous”, ile “wewe” ya heshima. Mtu mzima usiyemjua anaulizwa “Comment allez-vous?”, na ile t ya mwisho wa “comment” inaamka kuungana na neno linalofuata, ikisikika kama “komantale vu”. “Ça va” yenyewe iache kwa rika lako na kwa watu mliokwisha kuzoeana. Akikujibu na kukuuliza, maliza na “Bien, merci. Et vous?” Ukisahau “et vous”, umeikata salamu mkia.

Ya nne, kusikiliza jibu, nilikusudia kuiandika vizuri, lakini kundi lililofuata liliiandika lenyewe. Walikuwa wastaafu, wamejaa vumbi jeupe kwa sababu walipitia kwanza kwenye machimbo ya diatomaiti ya jirani. Kijana akasimama, mikono nyuma. “Bonjour, mesdames, bonjour, messieurs.” Akanyamaza. Niliona koo lake likimeza swali. “Bonjour!” wakaitikia kwa pamoja, kama darasa. Ndipo akamgeukia mkubwa wao: “Comment allez-vous, monsieur?” Mzee yule akaanza kueleza goti lake. Kijana hakuelewa hata theluthi, ila alikuwa ameambiwa afanye nini: kutikisa kichwa, kusema “ah oui”, na kupunguza mwendo kwenye ngazi za kuteremkia shimoni. Walipofika kwenye obsidiani, mzee akalielekeza shoka kwa kidole, akasema “biface”, na kijana akalirudia neno hilo. Walikaa pale kuliko kundi lolote nililowahi kuliona. Bakshishi sitaitaja, ila mama wa kibanda cha mizani alilipwa madeni yake yote.

Kuna tahadhari moja kwa wanaopokea wageni wa Kongo, ambao wanazidi kuja tangu nchi yao ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mfaransa akisema “ça va” amemaliza. Mkongo akikujibu “ça va un peu”, hajamaliza. Anakuachia nafasi umuulize kuna nini, kisha atataka habari za watoto, za mama, za kazi. Usitazame saa.

Na “bonsoir”, salamu ya jioni, haina kazi kubwa Kariandusi kwa sababu giza halimkuti mgeni pale. Ijifunze kama unafanya kazi kwenye hoteli za ufukweni mwa Ziwa Elmenteita, ambako wageni hao hao hurudi kutazama heroe na kuulizia chakula cha usiku.