Mkunjo Wangu Unayumba: Je, Antena ni Mbovu?

*Swali: Nasomea astronomia ya redio na nachakata data za darubini ya MeerKAT, Afrika Kusini. Nimepitisha polinomia ya daraja la tisa kwenye vipimo vya chanzo rejea cha pili (cha kusahihishia data), lakini mkunjo unayumba vibaya kwenye kingo za masafa. Je, antena ni mbovu? – Mwanafunzi, Nairobi*

Jibu: Usihofu, huenda antena ni nzima. Polinomia ya daraja kubwa hufuata kelele badala ya mawimbi, hasa kingoni ambako vipimo ni hafifu. Mawimbi ya setilaiti za urambazaji nayo huuvuta mkunjo.

Fanya hivi:

1. Ondoa kingo na masafa yaliyochafuliwa.

2. Sahihisha awamu kabla ya ukubwa wa mawimbi. Awamu zikiyumba, wastani hushuka isivyo kweli.

3. Tafuta kizidisho cha kila antena, yaani kiasi inachokuza mawimbi. Antena 64 hutoa jozi 2,016, kwa hiyo vipimo vinatosha kabisa.

4. Pata kipimo halisi kutoka chanzo kinachojulikana vyema, kama PKS 1934-638, chenye nguvu ya takriban jansky 15 kwenye megahezi 1,400.

5. Chukua logi za masafa na nguvu, kisha tumia polinomia ya daraja la kwanza au la pili.

Chora tofauti kati ya vipimo na mkunjo. Zikitawanyika kuzunguka sifuri bila mpangilio, mkunjo wako unaaminika. Antena moja ikiendelea kutofautiana na nyingine katika kila kipindi, iweke kando na uwaulize wataalamu wa darubini.